Tovuti inafunguka nyumbani, nje haifunguki: fuata hodi mpaka mlango ilipoishia

Seva yangu ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, iko juu ya kabati sebuleni kwetu Tanga. Imebeba rekodi za bibi yetu akisimulia hadithi, na ndugu zangu walio Mombasa na Muscat huzifungua usiku wakimkumbuka. Siku ya kwanza nilipowatumia kiungo, kwangu kilifunguka mara moja. Kwao ulikuja ukurasa mweupe na duara linalozunguka. Nilikesha siku mbili nikihangaika na mipangilio ya ruta, nikazima hiki, nikawasha kile, hadi nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Tatizo halikuwa kwenye ruta hata kidogo.

Nimeandika mwongozo huu ili asiye fundi wa mitandao asipoteze siku zake namna hiyo. Ombi la mtu anayefungua tovuti yako ni hodi. Linatoka kwake, linafika kwa mtoa huduma wako wa intaneti, linaingia kwenye ruta yako, linapita kwenye waya au waifai hadi kwenye seva, kisha linagonga mlango wenye namba, yaani poti. Halafu "karibu" nayo inatakiwa imrudie mgeni. Kazi yako ni kujua hodi imeishia mlango gani. Mpaka ujue, usibadilishe mpangilio wowote.

Mifano yangu ni ya Linux yenye Nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti. Anwani ya seva ndani ya nyumba ni 192.168.1.50, ya ruta ni 192.168.1.1, anwani ya umma ni 203.0.113.25, na jina la tovuti ni jinalako.example. Weka za kwako.

## 1. Toka nje kwanza

Huwezi kupima "nje" ukiwa umeunganishwa na waifai ya nyumbani. Ukiandika jina la tovuti yako ukiwa ndani, ombi linakwenda hadi kwenye ruta, na ruta inatakiwa iligeuze lirudi ndani. Ruta nyingi za bei nafuu haziwezi kufanya hivyo. Kwako tovuti itaonekana imekufa, ilhali watu wa nje wanaisoma bila shida. Nyingine, ukiandika anwani ya umma ukiwa ndani, hukuletea ukurasa wake yenyewe wa kuweka nywila, ukadhani umekosea kuelekeza poti.

Chukua simu, zima waifai, washa data, ufungue tovuti. Hakikisha alama ya waifai imetoweka kweli, maana simu nyingine hujiunga tena zenyewe. Kama una kompyuta ya pili, iunganishe na hotspoti ya simu hiyo, kwa sababu kwenye kompyuta utaweza kutumia amri hii:

    curl -v --connect-timeout 10 http://203.0.113.25

Anza kupima kwa namba, si kwa jina. Jina lina matatizo yake na tutayafikia.

## 2. Soma kosa neno kwa neno

Ndugu yako akikuambia "haifunguki", hajakupa taarifa ya kufanyia kazi. Mwombe picha ya skrini. Chrome huandika kosa kwa herufi kubwa chini ya ujumbe, na kila kosa lina habari yake.

ERR_CONNECTION_TIMED_OUT. Hodi imepigwa, kimya. Hakuna aliyeitikia, hata wa kukataa. Ama ombi limepotea njiani, ama faiwoli, yaani mlinzi anayechuja maombi, imelipokea na kulinyamazia. Hili ndilo utakalokutana nalo mara nyingi.

ERR_CONNECTION_REFUSED. Kuna mashine imejibu "hapana". Ombi limefika mahali, ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Kumbuka kwamba mashine iliyokataa inaweza kuwa ruta yenyewe, si seva yako.

DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Hodi haijapigwa kabisa, kwa sababu jina halijulikani lilipo. Nenda moja kwa moja hatua ya 9.

403, 404 au 502. Hapa mtandao umekwisha kufanya kazi yake, shukuru. Shida imo ndani ya Nginx au programu iliyo nyuma yake. Achana na ruta, soma `/var/log/nginx/error.log`.

## 3. Anzia kwenye seva

Ukiwa kwenye seva yenyewe, andika:

    curl -I http://localhost

Ukipata mstari unaoanza na `HTTP/1.1 200 OK`, programu iko hai. Usipopata, Nginx haijawaka. Angalia `systemctl status nginx` na usiendelee mbele mpaka irekebishike.

Sasa uliza inasikiliza wapi:

    sudo ss -tlnp

Tafuta mstari wa poti 80. Ukiona `0.0.0.0:80`, programu inasikiliza kila upande. Ukiona `127.0.0.1:80`, inajisikiliza yenyewe tu: anayegonga kutoka ndani ya mashine hiyohiyo anasikika, wengine wote hapana. Hapa hunaswa hasa watu wanaojifunza kutengeneza programu. Django ukiiwasha kwa `runserver` husikiliza 127.0.0.1 poti 8000. Flask husikiliza 127.0.0.1 poti 5000. Usiifungulie dunia seva ya majaribio kwa kuibadilisha isikilize 0.0.0.0. Iache ilivyo, weka Nginx mbele yake, Nginx ndiyo ipokee wageni.

## 4. Piga hodi kutoka chumba kingine

Chukua kompyuta au simu nyingine iliyo kwenye waifai ya nyumbani, ufungue `http://192.168.1.50`. Hapa ndipo watu wengi hufanya jaribio la kwanza, na likifaulu huamini upande wa seva umekwisha. Haujaisha, kama nitakavyoeleza chini.

Isipofunguka ilhali hatua ya 3 ilikuwa sawa, mshukiwa ni faiwoli ya seva. Kwenye Ubuntu na Debian yenye ufw:

    sudo ufw status
    sudo ufw allow 80/tcp
    sudo ufw allow 443/tcp

Kwenye Windows, angalia kama mtandao wa nyumbani umeorodheshwa kuwa "Public". Ukiwa hivyo, Windows hubana sana wanaoingia. Ubadilishe uwe "Private", kisha ongeza ruhusa ya poti 80 na 443 upande wa "Inbound Rules", ukihakikisha ruhusa hiyo haikuishia kwa watu wa mtandao wa ndani peke yao. Angalia pia kama kifaa unachopimia hakiko kwenye waifai ya wageni, kwa sababu ruta nyingi huwatenga wageni wasivione vifaa vya ndani.

## 5. Seva isihamehame

Ruta hugawa anwani kwa vifaa kadiri vinavyojiunga. Umeme ukikatika na kurudi, televisheni ikiwahi kuamka, huenda ikachukua 192.168.1.50 na seva ikapewa nyingine. Ruta yako itaendelea kuwaelekeza wageni kwa 192.168.1.50, yaani kwa televisheni. Tovuti ikiwa imefanya kazi vizuri kwa wiki nzima halafu ikafa baada ya umeme kukatika, anza kushuku hapa.

Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani hizo, na ndani yake sehemu inayoitwa "Address Reservation" au "Static Lease". Funga anwani ya seva kwa MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chake cha mtandao. Angalizo: waya na waifai za Raspberry Pi zina MAC tofauti. Ukifunga ya waifai kisha ukahamishia seva kwenye waya, seva itapata anwani mpya. Chagua njia moja. Mimi napendekeza waya.

Andika pia:

    ip route

Mstari unaoanza na `default` unatakiwa uonyeshe anwani ya ruta ileile unayoelekezea poti. Kama seva ina VPN iliyowashwa, yaani njia ya faragha inayopitisha mawasiliano yake kwa seva nyingine, "karibu" itatokea mlango wa VPN wakati hodi iliingilia mlango wa ruta, na mgeni hatalipata jibu. Kwake itaonekana kimya tu.

## 6. Je, anwani ya umma ni ya ruta yako kweli?

Hatua hii inaokoa muda kuliko nyingine zote, na miongozo mingi huiacha. Ifanye kabla hujagusa sehemu ya poti.

Kwenye seva:

    curl -4 ifconfig.me

Namba utakayopata ndiyo dunia inayokuona nayo. Kisha ingia kwenye ruta, fungua ukurasa wa hali ya mtandao, na usome anwani iliyoandikwa kwenye "WAN" au "Internet". Zilinganishe.

Zikifanana, vizuri. Nenda hatua ya 7.

Zikitofautiana, iangalie ile ya WAN. Ikianza na 192.168, au na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, ni anwani ya ndani. Maana yake mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine. Mara nyingi ni kile kisanduku cha faiba alichofunga fundi wa mtoa huduma, nawe ukachomeka ruta yako uliyonunua dukani nyuma yake. Hodi inaishia kwenye kisanduku cha kwanza. Dawa ni mbili: kisanduku cha fundi kiwekwe katika hali ya "Bridge" ili kiwe njia tu, au poti zielekezwe mara mbili, kisanduku kielekeze kwa ruta na ruta ielekeze kwa seva. Bridge ni safi zaidi, ila mara nyingine lazima umpigie mtoa huduma akufanyie.

Ikiwa anwani ya WAN iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hali ni tofauti. Fungu hilo lilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fikiria sanduku la posta la shule. Wanafunzi wote wanatumia S.L.P. moja, na barua inamfikia mlengwa kwa sababu kuna mtu ofisini anayejua nani alimwandikia nani. Barua ya mgeni asiyetarajiwa, isiyo na jina la mwanafunzi, haina pa kwenda. Hodi ya mgeni wa tovuti yako ni barua ya namna hiyo. Mitandao ya simu mara nyingi hufanya hivi, kwa hiyo ukitumia ruta yenye laini ya simu, tarajia jambo hili. Watoa huduma wengine hutumia fungu la 10 kwa kazi hiyohiyo, hivyo WAN ikianza na 10 na huna kisanduku kingine nyumbani, uko kwenye sanduku la pamoja.

Wanafanya hivyo kwa sababu anwani hazitoshi. IPv4, mfumo wa anwani hizi, ina anwani 4,294,967,296 kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya mgao mkali Januari 2020. Uelewe tu kwamba ukiwa kwenye sanduku la pamoja, hakuna mpangilio wowote ndani ya ruta yako utakaosaidia. Usikeshe. Ruka hadi hatua ya 10.

## 7. Kuelekeza poti

Sehemu hii huitwa "Port Forwarding", "Virtual Server", au huwa imefichwa chini ya "NAT". Jaza hivi: poti ya nje 80, anwani ya ndani 192.168.1.50, poti ya ndani 80, itifaki TCP. Rudia kwa 443. Palipo na nafasi ya anwani ya anayetoka nje, paache wazi. Ukijaza, utamruhusu mtu mmoja tu. Ukiulizwa ni muunganisho gani, chagua ule unaobeba intaneti, kwa sababu baadhi ya ruta za faiba huwa na kadhaa, mmoja wa intaneti, mwingine wa simu ya mezani au televisheni, na ukikosea hapo mpangilio utahifadhiwa vizuri na hautafanya kazi.

Angalia sehemu ya usimamizi kutoka mbali. Ikiwa imewashwa kwenye poti 80, ruta itajibu yenyewe badala ya kuelekeza. Izime, na uiache imezimwa hata baada ya hapo, kwa sababu kuacha ukurasa wa nywila ya ruta wazi kwa dunia ni hatari.

Baadhi ya watoa huduma huzuia poti 80 kuingia kwa wateja wa majumbani. Kujua ni rahisi: elekeza poti ya nje 8080 kwenda poti ya ndani 80, halafu ukiwa kwenye data ya simu fungua `http://203.0.113.25:8080`. Ikifunguka kwa 8080 na kukataa kwa 80, umepata jibu, na ni suala la kuzungumza na mtoa huduma.

Wapo watakaokushauri kuweka seva kwenye "DMZ", yaani poti zote zifunguliwe kwake. Kwa jaribio la dakika mbili sina pingamizi. Kwa kudumu, hapana. Seva ya nyumbani haipaswi kuachwa ikigongwa kila mlango, na poti 22 ya SSH, njia ya kuiendesha seva kwa amri ukiwa mbali, usiielekeze nje kama huna sababu nzito.

## 8. Mwite shahidi

Kama bado ni kimya, acha kubahatisha. Linux ina chombo kinachokuonyesha kila pakiti, yaani kila kipande cha data, inayogusa seva. Kwenye seva andika:

    sudo tcpdump -n -i any tcp port 80

Sasa ukiwa kwenye data ya simu, fungua tovuti kwa namba, huku macho yako yakiwa kwenye skrini ya seva. Kumbuka hapa unaandika poti ya ndani, hata kama ya nje ni 8080.

Skrini ikibaki tupu, hodi haikufika kwenye seva. Tatizo liko kwenye ruta au mbele yake. Rudi hatua ya 6 na 7. Subiri hata dakika ishirini. Intaneti ina roboti zinazogonga milango ya kila anwani usiku na mchana, na poti 80 iliyo wazi huanza kugongwa na anwani usizozijua bila hata kuitangaza. Ukiziona, ujue mlango wako uko wazi hata kama simu yako haifungui. Na hapo ndipo usisitize masasisho ya seva yako.

Ukiona mistari yenye `Flags [S]` inajirudia kutoka anwani ya simu, bila jibu lolote, hodi imefika na seva imenyamaza. tcpdump huziona pakiti kabla faiwoli haijazigusa, kwa hiyo picha hii karibu kila mara inasema faiwoli ya seva inazitupa. Hii ndiyo iliyokuwa hali yangu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeandika ruhusa hii kwa kujihadhari:

    sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 80

Ilikuwa inawaruhusu watu wa nyumbani tu. Ndiyo maana kila jaribio la ndani lilifaulu, na ndiyo maana nasema hatua ya 4 ikifaulu haijamaliza kitu. Niliondoa mstari ule, nikaandika `sudo ufw allow 80/tcp`, na dada yangu aliye Mombasa akafungua rekodi ya kwanza palepale. Kesha zote mbili zilikuwa za mstari mmoja.

Ukiona `[S]` ikiingia na `[S.]` ikitoka, tena na tena, seva inajibu lakini jibu halimfikii mgeni. Angalia VPN na `ip route` kama hatua ya 5. Ukiona `[S]` kisha `[R.]`, seva yenyewe inakataa kwa kuwa hakuna programu kwenye poti hiyo; ruta huenda inaelekeza poti ya ndani isiyo sahihi.

## 9. Jina, kisha cheti

Namba ikishafunguka kutoka nje, ndipo ugeukie jina:

    dig +short A jinalako.example
    dig +short AAAA jinalako.example

Amri ya kwanza irudishe anwani yako ya umma. Ikirudisha ya zamani, mtoa huduma amekubadilishia. Kwa wateja wa majumbani hili ni la kawaida, na kila ruta inapozimika na kuwaka kuna uwezekano wa namba mpya. Tumia huduma ya kusasisha jina yenyewe: DuckDNS ni ya bure, na programu ya ddclient inaweza kusasisha majina kwa wauzaji wengi wa vikoa. Punguza pia TTL ya rekodi, yaani muda inaokumbukwa huko nje, hadi sekunde 300, ili mabadiliko yasikwame saa nyingi huko nje.

Amri ya pili wengi huisahau. Ikiwa jina lina rekodi ya AAAA, yaani anwani ya IPv6, mfumo mpya wa anwani, vifaa vyenye IPv6 vitajaribu njia hiyo kwanza. Rekodi ikiwa ya zamani au ruta ikizuia IPv6, utasikia malalamiko ya ajabu: kwa huyu inafunguka, kwa yule haifunguki, na wote wako mji mmoja. Kama hujapanga IPv6, futa AAAA. Kama umeipanga, jua kwamba huko hakuna kuelekeza poti. Unafungua ruhusa kwenye faiwoli ya ruta kwa anwani ya seva.

Cheti cha HTTPS kinapatikana bure kwa Let's Encrypt:

    sudo certbot --nginx -d jinalako.example

Njia yake ya kawaida hupima poti 80 kutoka nje, kwa hiyo usiifunge poti 80 eti kwa sababu una 443. Kabla ya kuomba kwa kweli, jaribu kwa `sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d jinalako.example`, maana ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja, utasimamishwa kusubiri. Mtoa huduma akiwa amezuia poti 80, omba cheti kwa njia ya rekodi ya DNS. Njia hiyo haihitaji poti yoyote iwe wazi.

Jambo moja la Raspberry Pi 4: haina saa yenye betri. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, tarehe yake huwa nyuma, na shughuli za vyeti zinaweza kukwama. `timedatectl` itakuonyesha kama saa imelingana.

## 10. Ukiwa kwenye sanduku la pamoja

Kwanza uliza. Mpigie mtoa huduma, umwambie unataka anwani ya umma isiyobadilika, useme ni ya seva. Wengine wanayo kwa malipo ya ziada, wengine huitoa kwa wateja wa biashara tu. Mhudumu wa kwanza asipokuelewa, omba uunganishwe na fundi wa mtandao.

Wakikataa, geuza mwelekeo. Sanduku la pamoja linazuia wanaoingia, halizuii wanaotoka. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na seva ya nyumbani ndiyo iifuate. Njia fupi ya kuanzia ni SSH, ukiandika kwenye seva ya nyumbani:

    ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -R 127.0.0.1:8080:localhost:80 mtumiaji@203.0.113.20

Kwenye seva ya kukodi, Nginx inapokea wageni na kuwapitisha:

    server {
        listen 80;
        server_name jinalako.example;
        location / {
            proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
            proxy_set_header Host $host;
        }
    }

Rekodi ya jina sasa inaelekezwa kwa 203.0.113.20, na cheti unakiomba huko. Rekodi za bibi zinabaki nyumbani. Seva ya kukodi ni baraza tu ya kupokelea wageni. Ukishazoea, hamia WireGuard, aina ya VPN inayovumilia zaidi intaneti inayokatikakatika. Weka `PersistentKeepalive = 25` upande wa nyumbani, bila hivyo njia hujifunga kukiwa kimya. Wasiotaka kukodi seva hutumia Cloudflare Tunnel: programu ya cloudflared inatoka nje yenyewe na hakuna poti ya kufungua. Inafanya kazi vizuri, ila wageni wote wanapita kwa kampuni hiyo, na mawasiliano yao ya HTTPS hufunguliwa huko kabla ya kuletwa kwako. Mimi kwa sauti za bibi yangu ningechagua seva ya kukodi.

## 11. Kata umeme

Jaribio la mwisho usilifanye kwa kibodi. Zima swichi ya ukutani inayolisha ruta na seva, subiri dakika tano, washa. Usiingie kwenye seva, usiguse ruta. Baada ya dakika kumi, chukua simu yenye data na ufungue tovuti kwa jina lake.

Isipofunguka, angalia kwa mpangilio huu: `systemctl is-enabled nginx` ijibu `enabled`, `hostname -I` ionyeshe 192.168.1.50, `curl -4 ifconfig.me` ilingane na `dig`; na kama unatumia njia ya SSH, iwekwe kwenye systemd, inayowasha programu zenyewe seva ikiwaka, ikiwa na `Restart=always`, kwa sababu amri uliyoiandika kwa mkono haitajiandika tena umeme ukirudi.